Miji ya Kale ya Pwani ya Ufaransa, na Wale Walioijenga Mara ya Pili



Wazee wetu walinena kwamba mtembezi hula miguu yake. Neno hilo ni kweli kwa mtu atembeaye bila ya kuuliza. Hurudi kwao amechoka, na mkononi hana kitu ila vumbi. Lakini ajuaye kuuliza hupata chakula kingine kuliko miguu yake. Jioni ya leo twapenda kuwasimulieni matembezi yetu ya siku kumi na mbili katika upande wa kaskazini na magharibi wa Ufaransa, tangu mji wa Rouen, ulio kando ya mto Seine, hata mji wa Saint-Malo, ulio juu ya bahari. Tulikwenda mwezi wa Juni, mwaka wa 2025, tena tulikwenda polepole: asubuhi kwa miguu, adhuhuri kivulini, na jioni kwa miguu tena, kwa kuwa katika nchi ile siku za Juni jua halitui hata kadiri ya saa nne za usiku.

Hatukutafuta starehe peke yake. Tulikuwa na swali. Miji ile husifiwa ulimwenguni kwa ukale wake, na walakini mingi kati yake iliungua na kubomoka mwaka wa 1944, wakati majeshi ya Uingereza, Marekani na Kanada yaliposhuka katika pwani ya Normandie ili kuitoa Ufaransa mikononi mwa Wajerumani. Basi tulitaka kujua: mji uliokwisha kuwa jivu wawezaje kuitwa wa kale? Na wenyewe waliposimama mbele ya magofu yao, waliamuaje lipi lirudishwe na lipi liachwe?

Tuanzie Rouen. Kutoka Paris gari la moshi huchukua muda wa saa moja na nusu au pungufu kidogo, likifuata bonde la Seine. Njia za kale za mji ni nyembamba, na nyumba zake zimejengwa kwa boriti za mwaloni zilizopangwa wima na mshazari, katikati pamejazwa udongo na chokaa. Nyingine zimeinama kama wazee wanaonong'onezana. Juu ya njia moja pana upinde wa mawe, na katika upinde ule ipo saa kubwa iliyopakwa dhahabu, iitwayo Gros-Horloge, ambayo mitambo yake ya kwanza iliundwa mwaka wa 1389. Saa hiyo ina akrabu moja tu, ile ya saa, dakika haizihesabu. Tuliitazama kitambo, tukasema kwamba hiyo ndiyo saa iwafaayo watu wa likizo.

Kanisa kuu la Rouen, liitwalo Notre-Dame, lina mnara wa chuma wenye urefu wa meta 151. Ulipomalizika mwaka wa 1876 haukuwapo mjengo mwingine duniani uliopita urefu wake, na sifa hiyo ulikaa nayo miaka minne. Mnara mwingine wa kanisa lilo hilo huitwa Mnara wa Siagi. Yasemekana ulijengwa kwa fedha za watu waliotoa sadaka ili wapewe ruhusa ya kula siagi katika siku za Kwaresima. Mchoraji Claude Monet aliuchora uso wa kanisa hilo zaidi ya mara 30, kuanzia mwaka wa 1892, akitaka kuonyesha jinsi jiwe moja lisilosogea libadilikavyo rangi kwa jua la asubuhi, la mchana na la machweo. Sisi nasi tulikaa barazani mbele yake jioni moja nzima, tukaona kwamba hakuwa ametia chumvi.

Lakini kanisa hilo lilipigwa na mabomu katika majira ya kuchipua ya mwaka wa 1944, likaungua, likanusurika kuanguka. Mafundi wakalitengeneza kwa miaka mingi. Hata mwezi wa Julai 2024, wakati wa kutengeneza mnara wa chuma, moto ulizuka huko juu, na watu wa mji wakasimama njiani wakitazama moshi kwa hofu, mpaka wazima moto walipouzima. Basi tulianza kufahamu kwamba jengo la kale si kitu kilichokwisha, bali ni kazi isiyokwisha.

Jambo hilo lilitubainikia zaidi katika uwanja wa Soko la Kale, Vieux-Marché. Hapo ndipo tarehe 30 Mei 1431 alipochomwa moto Jeanne d'Arc, binti wa miaka kama kumi na tisa, aliyeyaongoza majeshi ya mfalme wa Ufaransa juu ya Waingereza. Miaka ishirini na mitano baadaye hukumu yake ilitanguliwa, na mwaka wa 1920 Kanisa Katoliki likamtaja kuwa mtakatifu. Leo katika uwanja ule lipo kanisa la jina lake, lililofunguliwa mwaka wa 1979. Nalo halifanani hata kidogo na makanisa ya kale, kwa maana paa lake limekunjwa na kuinuliwa mfano wa chombo, au mfano wa ndimi za moto. Tulipoingia ndani tulistaajabu: ukuta mmoja mzima ni vioo vya rangi vya karne ya kumi na sita! Vilikuwa mali ya kanisa jingine, la Mtakatifu Vincent, lililobomolewa mwaka wa 1944. Mwaka wa 1939, vita vilipokuwa vinaanza, vioo viling'olewa vikafichwa. Kanisa lilikufa, vioo vikapona, na miaka arobaini baadaye vikapata nyumba mpya. Msanifu wa nyumba hiyo aliitwa Louis Arretche. Jina hilo mlishike, maana tutakutana nalo tena mwisho wa safari.

Kutoka Rouen tuliufuata mto mpaka baharini. Katika mlango wa mto, upande wa kusini, upo mji mdogo wa Honfleur, wenye bandari ya ndani iliyozungukwa na nyumba ndefu, nyembamba, zilizobanana kama vitabu sandukuni. Kutoka hapa, mwaka wa 1608, aliondoka Samuel de Champlain kwenda kuuanzisha mji wa Quebec. Vita vya mwaka wa 1944 havikuugusa sana mji huu, na kwa hiyo lingali lipo kanisa lake la ajabu la Mtakatifu Catherine, ambalo lote ni mti. Katika karne ya kumi na tano, baada ya vita vya miaka mingi na Waingereza, watu wa Honfleur walitaka kanisa haraka, na mafundi waliokuwa nao ni waunda vyombo. Wakafanya walichokijua. Ukiinua macho ndani yake waona mataruma ya merikebu mbili zilizopinduliwa, mkuku juu. Mtu wa pwani yetu, aliyewahi kukaa penye chelezo akatazama jahazi likiundwa, hahitaji mkalimani katika nyumba ile.

Ng'ambo ya pili ya mlango wa mto upo mji mkubwa wa Le Havre, nasi tulivuka kwa daraja la Normandie, lililofunguliwa mwaka wa 1995, linaloning'inizwa na nyaya za chuma, lenye urefu wa zaidi ya meta 2,000. Wengi hawashuki Le Havre, hupita. Sisi tulishuka makusudi. Mji huo ulianzishwa na Mfalme François wa Kwanza mwaka wa 1517, lakini wa kale haupo. Tarehe 5 na 6 Septemba 1944 ndege za Uingereza ziliupiga kwa mabomu, na moyo wa mji wote ukawa uwanja wa vifusi. Watu elfu na elfu walikufa katika miaka ile ya vita, na waliokosa makazi walikuwa kama 80,000.

Kazi ya kuujenga upya alipewa Auguste Perret, mzee wa miaka sabini na ushei, bingwa wa kujenga kwa zege. Yeye hakutaka kuiga kilichopotea. Alichora njia pana zilizonyooka, akapima mji mzima kwa kipimo kimoja cha meta 6 na sentimita 24, akainua nyumba za zege ambayo mafundi waliichonga uso wake kama jiwe. Juu ya paa zote aliusimamisha mnara wa kanisa la Mtakatifu Yosefu, wenye meta 107, uliojaa vioo vidogo vya rangi 12,768, uwe ukumbusho wa wafu. Miaka mingi watu waliucheka mji ule, wakauita baridi na wa kijivu. Mwaka wa 2005 UNESCO iliutia katika orodha ya urithi wa dunia.

Tulipokuwa tumeketi bustanini tulizungumza na bibi mmoja mwenye miaka themanini na kitu, aliyekulia katika vibanda vya mbao vya walioporwa makao na vita. Tulimwuliza kama hawauonei huzuni mji wa babu zao. Akacheka, akasema: "Wanangu, ninyi wageni mwatafuta mawe ya kale. Sisi tulikuwa tukitafuta bomba la maji. Siku mama yangu alipopewa funguo za nyumba ya zege, akafungua bomba, maji ya moto yakatoka, alikaa chini akalia." Kisha akanyamaza kidogo, akaongeza: "Lakini alipokuwa mzee alinichorea kwa penseli mtaa wake uliokufa, duka kwa duka, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kuuonyesha." Neno hilo la pili tulilichukua kwa uzito sawasawa na la kwanza, nasi hatukuweza kumhukumu Perret kwa wema wala kwa ubaya.

Toka huko tulirudi kusini ya mto, tukapita Caen, tukafika Bayeux, mji uliopata bahati kuliko yote. Majeshi yaliutwaa tarehe 7 Juni 1944, siku moja tu baada ya kushuka pwani, wala haukuharibiwa. Sifa yake kubwa ni kitambaa cha kitani chenye urefu wa karibu meta 70, na upana wa nusu meta, kilichotariziwa kwa nyuzi za sufu katika karne ya kumi na moja. Humo mmesimuliwa kwa picha jinsi William, mtawala wa Normandie, alivyovuka bahari mwaka wa 1066 akamshinda Harold na kuitwaa Uingereza. Waona miti ikikatwa, merikebu zikiundwa, farasi wakipakiwa, nyama ikiokwa, watu wakianguka. Nacho pia kimepona kwa mikono ya watu: mwaka wa 1792, katika fujo za mapinduzi, kilikuwa karibu kutumiwa kufunikia mizigo ya gari la jeshi, akakiokoa wakili mmoja wa mji. Tulibahatika kukiona, kwa kuwa mwezi wa Septemba uliofuata nyumba ya makumbusho ilifungwa ili ijengwe upya, na mwezi wa Julai ilikuwa imetangazwa kwamba kitambaa kitaazimwa kwa makumbusho ya British Museum huko London.

Katika kitambaa hicho pana picha ya watu wakizama mchangani, naye Harold akiwavuta kwa mikono yake, na nyuma yao kilima chenye kanisa juu yake. Kilima hicho ni Mont-Saint-Michel, na ndiko tulikokwenda baadaye. Ni mwamba uliosimama peke yake katika ghuba ya mchanga. Wasimulia kwamba mwaka wa 708 Aubert, askofu wa Avranches, alijenga hapo kanisa dogo la Malaika Mikaeli. Mwaka wa 966 wakaja watawa wa Benedikto, na kwa karne nyingi wakaendelea kupandisha jengo juu ya jengo. Baadaye pakawa gereza, hata mwaka wa 1863.

Sisi watu wa bahari tulishangazwa kuliko yote na maji. Kwetu Unguja, wakati wa bamvua, maji hupanda kadiri ya meta 4. Katika ghuba ile tofauti ya kupwa na kujaa, siku za bamvua kubwa, huweza kufikia meta 14. Maji yakipwa, bahari huondoka hata haionekani. Yakijaa, huja mbio, na ole wake aliyetangatanga mchangani bila ya kiongozi. Lakini watu walikuwa karibu kuipoteza bahari hiyo. Mwaka wa 1879 walijenga tuta la kupitia kutoka bara, na tuta likaukamata mchanga; mwaka hata mwaka ghuba ikajaa, kilima kikawa karibu kuungana na nchi kavu. Ilibidi mwaka wa 2009 kufungua kingo mpya katika mto Couesnon, ili maji yafunguliwe kwa nguvu na kusukuma mchanga nje; na mwaka wa 2014 likafunguliwa daraja jepesi la nguzo, kisha tuta la kale likaondolewa. Hivi sasa siku za bamvua kubwa kilima huwa kisiwa tena. Basi hapa kulinda kitu cha kale kulikuwa ni kubomoa, si kujenga.

Tulisimama Cancale mchana mmoja, tukala chaza pale pale ufukoni, na kutupa maganda yake chini kama wafanyavyo wenyeji. Kisha tukafika Saint-Malo, mwisho wa safari yetu.

Saint-Malo ni mji wa mawe meusi uliozungukwa na ukuta, na juu ya ukuta mtu aweza kutembea akauzunguka mji wote, bahari mkono mmoja na madirisha ya watu mkono wa pili. Kutoka hapa, mwaka wa 1534, alitweka Jacques Cartier kwenda Kanada. Karibu na ukuta kipo kisiwa cha Grand Bé, alipozikwa mwandishi Chateaubriand mwaka wa 1848. Maji yakipwa huenda kwa miguu, yakijaa humo hutoki mpaka yapwe tena. Na katika mto Rance, jirani na hapo, tangu mwaka wa 1966 kuna kingo yenye mitambo 24 inayofanya umeme kwa nguvu ya maji kupwa na kujaa.

Mgeni atazamaye nyumba zile ndefu za mawe huapa kwamba ni za karne ya kumi na nane. Sivyo. Mwezi wa Agosti 1944 mji ulizingirwa, ukapigwa, ukaungua. Ukuta ulisimama, lakini sehemu kubwa sana ya nyumba za ndani yake ilikuwa magofu. Wenyeji hawakutaka mji wa zege. Wakaokota mawe yaliyofaa, wakachonga mengine, wakainua tena kuta na paa kwa sura ya zamani, ila njia walizipanua kidogo na vyumba wakavipa hewa na nuru. Na msanifu aliyeiongoza kazi hiyo ni yule yule Louis Arretche aliyejenga kanisa la kisasa la Rouen. Mtu mmoja, mikono ile ile: huku alirudisha, kule alibuni. Hakuwa na kanuni moja kwa kila mahali, alitazama kilichobaki. Saint-Malo palibaki ukuta. Rouen pale sokoni palibaki vioo.

Hapo tungeweza kuikomesha hadithi, lau tusingekuwa watu wa upande wetu wa dunia. Juu ya ukuta ipo sanamu ya Robert Surcouf, aliyezaliwa mjini humo mwaka wa 1773, ameelekeza kidole baharini kama shujaa, kwa kuwa aliziteka merikebu nyingi za Waingereza kwa idhini ya serikali yake. Lakini Surcouf huyo alifanya pia biashara ya watumwa kutoka Afrika ya Mashariki na Bukini. Mahé de La Bourdonnais, mzaliwa mwingine wa mji huo, aliyeanza kuvitawala visiwa vya Mauritius na Réunion mwaka wa 1735, aliijenga bandari ya Port Louis na kuyastawisha mashamba ya miwa kwa mikono ya watumwa. Na kwa jina lake kinaitwa mpaka leo kisiwa cha Mahé huko Shelisheli. Mashamba hayo ndiyo yaliyomleta Mfaransa Morice mpaka Kilwa mwaka wa 1776, akaandikiana mkataba na sultani apewe watu 1,000 kila mwaka.

Hatusemi kwamba kila jiwe la Saint-Malo limetoka katika jasho la watu wa Kilwa. Mali ya mji ule ilitoka katika samaki wa bahari ya Kanada, na kitani, na fedha ya Amerika ya kusini, kabla ya hayo na pamoja na hayo. Lakini sehemu yake ilitoka huko, nasi tulipopita juu ya ukuta jioni ile tulilijua. Mawe yaliyoanguka mwaka wa 1944 yaliokotwa moja moja yakarudishwa mahali pake. Waliochukuliwa Kilwa hawakurudishwa, wala majina yao hayakuandikwa, wala hapana aliyebaki na penseli kuwachora.

Wasikilizaji wetu, sisi nasi tuna magofu yetu. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, iliyojengwa na Sayyid Barghash mwaka wa 1883 katika Mji Mkongwe wa Unguja, ilianguka, ikaua mafundi waliokuwa kazini. Swali la Le Havre na Saint-Malo lilifika mlangoni petu: kirudishwe kilichokuwapo, au kijengwe kingine? Kwa hayo tuliyoyaona, twawashauri watakaojibu wafanye kama yule msanifu, watazame kwanza kilichobaki; wamsikilize na yule bibi, wasisahau bomba la maji. Na kila mwenye kusafiri, awe aenda Ufaransa au Kilwa au Lamu, akifika mbele ya jengo zuri la kale asiridhike kuuliza lina miaka mingapi. Aulize nani alilijenga kwa mikono yake, mali ya kulijenga ilitoka kwa nani, na ni nani alitunzaye leo. Maswali hayo matatu hayahitaji nauli kubwa, lakini yahitaji nafasi. Ndiyo maana twasema, mwendao, nendeni polepole.